Seva moja, kazi sita: jinsi ya kuchagua mfumo wa mashine pepe kwa ajili ya shule

Nianze na Alhamisi moja asubuhi, shule ya bweni mkoani Morogoro, wiki ya kufunga muhula. Usiku wake umeme ulikatika, betri za UPS zilishachoka zamani, seva ikazimika. Asubuhi umeme umerudi, seva imewaka vizuri, taa zote kijani, lakini mashine pepe zilizomo ndani yake, ya matokeo, ya ada na ya mafaili ya walimu, zote zimekataa kuwaka. Napigiwa simu, nafika saa tano, nakuta mfumo uliofungwa pale ni wa kulipia na uliwekwa kwa leseni ya majaribio ya siku 60, siku zikaisha na hakuna aliyejua, kwa sababu mashine ambazo tayari zimewaka zinaendelea kupiga kazi kama kawaida, balaa linakuja siku zikizimika, haziwaki tena. Fundi aliyeifunga alishahama mkoa na paswedi kaondoka nayo. Mwalimu wa taaluma alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya maabara na rundo la karatasi za alama mapajani, na wazazi wanakuja Jumamosi kuchukua watoto na ripoti. Walimu wale walijaza ripoti kwa mkono siku mbili, wengine mpaka saa sita usiku.

Tangu siku hiyo, shule yoyote ikiniita kuwasaidia kuchagua naanza na swali hili: siku seva ikifa, nani aliyepo hapa shuleni ataweza kuirudisha, na kwa muda gani? Mengine yote humu chini yanafuata hapo.

Kwa wale ambao neno lenyewe ni geni: mashine pepe, au VM kama mafundi wanavyoita, ni kompyuta nzima iliyotengenezwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine. Seva moja ya chuma inabeba kadhaa, kila moja na mfumo wake, moja Windows nyingine Linux, ikiharibika moja nyingine hazishtuki. Programu inayozibeba na kuzigawia RAM na prosesa ndo inaitwa hipavaiza, na ndo tunayoichagua leo. Na kama shule yako ina kazi moja tu ya seva, labda kushea mafaili basi, huhitaji haya, weka Linux moja kwa moja kwenye mashine, fanya bekapu, maliza.

Hatua ya 1: hesabu kazi kabla hujataja jina la mfumo

Chukua karatasi, kaa na mkuu wa shule, mhasibu na mwalimu wa TEHAMA, andikeni kila kazi ambayo seva itafanya na nani ataumia ikikosekana kwa siku moja. Mfano wa sekondari yenye wanafunzi 700 na maabara ya kompyuta 30, hesabu ya RAM huwa inakuja hivi:

- Moodle, ya masomo na majaribio: GB 4
- Kolibri na Kiwix, masomo na Wikipedia bila intaneti: GB 4 zote mbili
- mafaili ya walimu kwa Samba, programu ya kushea mafaili: GB 2
- matokeo na ada, programu ya Windows: GB 8
- DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP, zile namba za kompyuta kwenye mtandao) na kuchuja tovuti: GB 1

Hapo ni GB 19. Hipavaiza yenyewe ipe GB 4, inakuwa 23, kwa hiyo mashine ya GB 32 inatosha na inabaki nafasi ya kupumua. Mkiweza GB 64 chukueni, ila msilazimishe. Kwa kazi kama hizi RAM huwa inaisha mapema kuliko prosesa, prosesa ya kori (viini vya kazi ndani yake) 6 mpaka 8 ya miaka ya karibuni inazibeba zote.

Diski msiidharau. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha kwenye Kiwix peke yake inazidi GB 90, na video za Kolibri zinakula kadiri mtakavyochagua masomo. Diski mbili za TB 1 zinazoandika kitu kilekile, yani kioo, moja ikifa nyingine inaendelea, hicho ndo kiwango cha chini kwangu.

Na kwenye ile karatasi ongeza safu moja: kazi hii ina taarifa za watoto? Alama, ada, magonjwa, simu za wazazi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, wenzetu Kenya wana yao ya 2019, kwa hiyo mashine yenye taarifa hizo isikae kwenye mtandao mmoja na kompyuta za wanafunzi. Hipavaiza zote nitakazozitaja zinaweza kutenganisha hilo kwa VLAN, yani kugawa mtandao mmoja kuwa kadhaa isiyoonana, mradi swichi yenu ya mtandao nayo inakubali.

Hatua ya 2: umeme, kabla ya mashine

Watu wanaruka hapa wanakimbilia kununua. Seva kubwa ya rafu iliyotumika, zile zenye prosesa mbili zinazouzwa mtumba, inakula wati 150 hivi hata ikiwa imekaa tu. Kwa masaa 24 ni yuniti 3.6, kwa mwezi yuniti 108. Kompyuta ndogo ya mezani ya kisasa yenye RAM 32 inazunguka kwenye wati 35, kwa mwezi yuniti 25. Zidisha kwa bei ya yuniti mnayonunua kwenye LUKU, alafu zidisha kwa miaka mitano, mara nyingi ile seva ya bei ya kutupa inakuwa ndo ghali. Tena inapiga kelele na inatoa joto, chumba kinataka AC, na AC nayo ni yuniti. Kwa shule nyingi nilizofika, kompyuta mbili za mezani nzuri, moja ikiwa kazini na nyingine ikipokea bekapu, zimefaa kuliko seva moja kubwa.

Ila seva halisi ina faida zake na sitaki kuficha: RAM yenye ECC inayosahihisha makosa, pawasaplai mbili, na ile kadi ya kuiongoza ukiwa mbali hata ikiwa imezimwa. Kama shule ina sola ya kutosha na chumba kizuri, nenda nayo.

UPS haiwekwi ili shule ifanye kazi gizani, inawekwa ili seva ipate dakika kumi za kujizima vizuri. Nunua yenye waya wa USB wa kuongea na seva, weka programu ya bure inayoitwa NUT, betri ikishuka mpaka kiwango ulichosema inaiambia seva ijizime, na hipavaiza inazizima kwanza mashine pepe alafu seva yenyewe. Alafu ingia kwenye BIOS, ile skrini ya mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka, tafuta pale panaposema mashine ifanye nini umeme ukirudi, weka iwake yenyewe. Kwenye hipavaiza kila VM iwekee alama ya kuwaka seva inapowaka, na mpangilio: DNS kwanza, mafaili yafuate, matokeo baadaye. Nishakuta shule ambayo kila umeme ukikatika Jumapili, kazi zinaanza Jumatatu saa nne kwa sababu mtu mmoja mwenye ufunguo lazima aje abonyeze kitufe.

Hatua ya 3: hakikisha chuma kinakubali

Fupi tu. Prosesa iwe na uwezo wa kubeba mashine pepe, unaitwa VT-x kama ni Intel au AMD-V kama ni AMD, karibu zote za miaka kumi iliyopita zinayo ila kwenye BIOS mara nyingi imezimwa, iwashe. Ukinunua Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi, omba iwashwe mbele yako, angalia RAM yote inaonekana, na pima diski kwa programu inayosoma SMART, rekodi ya afya ambayo diski inajiwekea, ujue zimefanya kazi masaa mangapi. Diski za mtumba zenye masaa elfu hamsini zisibebe alama za watoto, nunua SSD mpya, na usichukue zile za bei ya chini kabisa maana hipavaiza inaandika kwenye diski mchana na usiku, zile zinachakaa haraka.

Kama seva ina kadi ya RAID, ile inayounganisha diski kadhaa zionekane moja, na unataka kutumia ZFS, mfumo wa kuhifadhi unaosimamia diski wenyewe, kadi iwekwe iwe inapitisha diski moja kwa moja bila kuziunganisha yenyewe. ZFS inataka kuziona diski zenyewe.

Hatua ya 4: wagombea wanne

VMware ESXi. Kwa miaka mingi ndo ilikuwa jibu la kwanza, na ni mfumo imara, sibishi. Ila Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware, Desemba hiyohiyo wakaacha kuuza leseni za kununua mara moja, ikawa malipo ya kila mwaka kwa kuhesabu kori, na kila prosesa inahesabiwa angalau kori 16 hata kama ina 8. Februari 2024 toleo la bure likafutwa, Aprili 2025 likarudi na toleo la 8.0 Update 3e, lakini la bure lina mipaka, VM moja haizidi prosesa pepe 8 na programu za bekapu za nje haziruhusiwi kupita mlango wake. Hilo la bekapu ndo linanifanya nisiipendekeze kwa shule. Pia inachagua sana vifaa, kadi za mtandao za Realtek zilizojaa kwenye kompyuta za kawaida kwa miaka mingi haikuzitambua. Na mfumo ambao ubure wake ulifutwa ukarudi ndani ya miezi 14 siwezi kumwambia mkuu wa shule apange bajeti ya miaka mitano juu yake.

Hyper-V ya Microsoft. Imo ndani ya Windows Server tangu 2008. Kama mhasibu na matokeo vyote ni Windows, na mtaalamu wenu amezoea Windows, hii ni ya kufikiria kweli. Hesabu yake ikoje: Windows Server Standard ukiilipia kori zote, na kima cha chini ni kori 16 kwa seva, inakupa haki ya VM mbili za Windows Server. Ukitaka mbili nyingine unalipia tena kori zote. Juu yake kuna CAL, leseni ya kila mtumiaji au kila kifaa kinachoingia kwenye seva, na hapo ndo shule nyingi zinashtuka. Shule zina bei ya elimu, kwa hiyo mwambieni muuzaji mapema kuwa ninyi ni shule na aandike bei hiyo pamoja na CAL kwenye ankara moja. Ile Hyper-V Server ya bure ilikomea toleo la 2019 na msaada wake unaisha Januari 2029, usijenge kitu kipya juu yake. Na tafadhali msifunge Windows Server ya kukraki. Siku ikigoma hamna wa kumuuliza, na hizo programu za kukraki mara nyingi ndo zinazoleta virusi ndani.

XCP-ng. Imetokana na XenServer, ilitoka 2018, wanaoitunza ni kampuni ya Vates ya Ufaransa. Ni bure na ni nzuri, unaiongoza kupitia Xen Orchestra ambayo ina bekapu safi sana. Kikwazo ni watu: mafundi wanaoijua huku kwetu ni wachache, na Xen Orchestra unaifunga kama VM ya pembeni, ni kitu kimoja zaidi cha kuelewa. Kama fundi wenu anaijua tayari, msimhamishe.

Proxmox VE. Hii ndo ninayoifunga kwenye shule nyingi. Inatoka Vienna, Austria, toleo la kwanza ni la 2008, imejengwa juu ya Debian, inatumia KVM, sehemu ya kubeba mashine pepe ambayo imo ndani ya Linux yenyewe tangu 2007, na pia inabeba kontena za LXC ambazo ni nyepesi kuliko VM, Kiwix au DNS ukiviweka huko vinakula RAM kidogo mno. Kila kitu unafanya kwenye brauza. Bure yake haijakatwa vipengele: bekapu, klasta (seva kadhaa zikifanya kazi kama moja), ZFS vyote vimo. Wanachouza ni hazina ya apdeti zilizopimwa zaidi pamoja na msaada, kwa bei ya kila prosesa kwa mwaka. Usipolipa, kila ukiingia inakuonyesha ujumbe kuwa huna usajili, unabonyeza sawa unaendelea, mwambie mapema mwalimu asije akadhani kuna kitu kimeharibika.

Ubaya wake? Siku kitu kikienda kombo sana utajikuta kwenye skrini nyeusi ya Linux unaandika amri. Shule isiyo na mtu hata mmoja anayeweza kufuata amri kumi zilizoandikwa kwenye karatasi, wakati huohuo ina fundi wa Windows wa kuaminika hapo mjini, mi nitawaambia wachukue Hyper-V na walipe. Bure isiyo na mtu wa kuitunza inagharimu zaidi ya leseni.

Hatua ya 5: jaribu kwenye mashine chakavu wiki mbili

Tafuta kompyuta yoyote yenye RAM 8. Pakua ISO ya Proxmox, yani faili la kuinstolia, ichome kwenye flashi kwa balenaEtcher au Rufus, ukitumia Rufus chagua namna ya DD la sivyo haitawaka. Wakati wa kuinstoli, sehemu ya kuchagua diski fungua machaguo yake, kama una diski mbili chagua ZFS RAID1, ndo kile kioo. Anwani ya IP weka ya kudumu, iandike pembeni. Ikimaliza, nenda kompyuta nyingine fungua brauza uandike https://, IP ile, alafu nukta mbili (:) na 8006. Brauza italalamika kuhusu cheti, ni kawaida kwa sababu cheti imejitengenezea yenyewe, endelea, ingia kama root, yani mtumiaji mkuu.

Kitu cha kwanza nenda kwenye hazina za apdeti, zima ile ya enterprise, ongeza ile ya no-subscription, la sivyo apdeti zitagoma. Tengeneza VM moja ya Linux na moja ya Windows. Ya Windows, ukiipa diski na kadi ya mtandao za VirtIO (vifaa pepe vya kasi), itahitaji draiva zake, pakua ISO yake uichomeke kama CD ya pili, bila hiyo Windows haitaona diski wala mtandao, hapa watu wengi wanakata tamaa na kosa ni hilo tu. Ndani ya kila VM funga na QEMU guest agent, programu ndogo ya kuongea na hipavaiza, inasaidia VM ijizime kistaarabu ile siku UPS inapolia.

Unayejaribu asiwe wewe fundi peke yako. Mkalishe mwalimu kwenye kiti, wewe simama nyuma, mikono mfukoni. Nilikaa hivyo na mwalimu mmoja wa TEHAMA, mama mtu mzima, siku ya kwanza ananiambia "mwanangu, hapa pameandikwa nyekundu, nimeharibu?" Nikamwambia "hapana mwalimu, soma mstari wa mwisho". Akausoma kwa sauti, diski imejaa. Akafuta ISO ya zamani mwenyewe, ikaenda. Wiki mbili za hivyo zitakuambia zaidi ya jedwali lolote la kulinganisha mifumo. Kama fedha ipo fanya hivyohivyo na Hyper-V, Windows Server ina majaribio ya siku 180, mradi tarehe ya mwisho iandikwe ukutani kwa maandishi makubwa.

Klasta mwanzoni iache. Utasikia ukiwa na seva mbili zinabebana. Proxmox inataka kura za zaidi ya nusu ili ikubali kufanya kazi, mashine mbili moja ikifa iliyobaki ina nusu tu, inagoma kuwasha VM. Inabidi iwepo ya tatu, hata kikompyuta kidogo cha kupiga kura. Kwa shule mashine ya pili iwe ya bekapu, itakusaidia zaidi.

Hatua ya 6: bekapu, na kuirudisha

Snapshoti, yani picha ya hali ya VM kwa wakati huo, si bekapu. Inakaa kwenye diski ileile, diski ikienda inaenda nayo. Itumie dakika kumi kabla ya apdeti, ukimaliza ifute.

Mashine ya pili ifungie Proxmox Backup Server, nayo ni bure, inahifadhi vile vipande vilivyobadilika tu, kwa hiyo bekapu ya kila usiku haijazi diski. Iweke jengo jingine, ofisi ya mhasibu kwa mfano, kebo ya mtandao ifike huko, maana wizi na moto havichagui diski. Alafu diski mbili za nje za USB zinazopokezana kila Ijumaa, moja imechomekwa, nyingine iko kwenye kabati la chuma la mkuu wa shule, mafaili yake yasimbwe (encryption) kwa ufunguo wa siri maana mna alama za watoto mle. Kirusi kikiingia kwenye mtandao kikafunga kila kitu, ile ya kabatini hakijaigusa.

Paswedi zote, IP, na amri kumi za kurudisha viandikwe kwenye karatasi, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa saini, kwa mkuu wa shule. Fundi akihama bahasha inabaki na paswedi zinabadilishwa siku hiyohiyo.

Sasa zoezi lenyewe, ambalo bila hilo nakataa kusema kazi imekwisha. Chagueni Jumamosi tulivu. Zima VM ya matokeo. Mtu ambaye hakufunga seva afungue bahasha, airudishe VM kutoka kwenye bekapu ikiwa na namba mpya, waya wake wa mtandao ukiwa umechomolewa ili isigombane na ile ya zamani, aiwashe, aingie kwenye programu, asome alama za darasa moja alinganishe na karatasi. Saa ya ukutani ihesabu. Yule mama wa TEHAMA mara ya kwanza alitumia saa moja na dakika 50, alikwama kwenye paswedi ya Windows ambayo haikuandikwa kwenye bahasha, tukaiongeza. Muhula uliofuata alifanya peke yake, mimi niko Dodoma, akanitumia picha ya karatasi ikiwa na tarehe, saini yake na ya mwalimu wa taaluma, na muda: dakika 31.